Saa Haijui Iendako

Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani haingii baharini kwa kubahatisha. Anajua bamvua ni lini, maji yatakupwa saa ngapi, na atakuwa na muda gani wa kufunga kamba zake kabla hayajaanza kujaa tena. Nahodha wa dau la Mkoani anajua vilevile. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50 hivi, na siku za bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 4. Chanzo chake ni mvutano wa mwezi na jua, na mvutano una kanuni inayoandikika.

Katika miaka ya 1870, William Thomson, mwanafizikia wa Uingereza ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi iliyoweza kubashiri maji ya bandari yoyote ile mradi ipewe vipimo vyake. Ukizungusha mkono wake kwenda mbele, kalamu inachora maji ya mwakani. Ukiuzungusha kinyume, inachora maji ya mwaka jana. Mashine haijali umeuzungusha wapi, kwa sababu kanuni iliyomo ndani yake haijali pia. Kanuni ya mvutano inakupa maji ya kesho na ya jana kwa hesabu ileile, bila kukwambia ipi ni kesho na ipi ni jana.

Fizikia yote ya msingi iko hivyo. Milinganyo ya Newton ya mwaka 1687, ya Maxwell ya umeme na sumaku katika miaka ya 1860, ya Einstein ya mvutano mwaka 1915, ya Schrödinger ya chembe ndogo mwaka 1926: zote zinakubali wakati ugeuzwe. Piga video ya sayari zikizunguka jua, ichezeshe kinyumenyume, na hakuna mwanafizikia atakayeweza kukuonyesha kosa. Lipo jambo moja lisilofuata hilo na nalitaja upesi. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch waligundua kwamba chembe ziitwazo kaoni zinavunja ulinganifu baina ya maada na kinyumemaada, yaani maada yenye chaji za kinyume, kwa namna iliyoashiria kwamba hata wakati haulingani kamili pande zote mbili, na mwaka 2012 jaribio la BaBar huko Marekani lilionyesha jambo hilo moja kwa moja kwa chembe nyingine. Ni ugunduzi mkubwa, lakini hauelezi kwa nini watu huzeeka. Tofauti yenyewe ni ndogo, inahusu chembe adimu, na haigusi moshi, maji wala nyama ya mwili.

Swali basi ni hili. Kama kanuni hazina mbele wala nyuma, mbele na nyuma tunavyoviona kila siku vimetoka wapi?

Kabla ya kulijibu, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya na mwelekeo wa wakati, na ni vizuri kuyatenga. La kwanza ni kasi ya wakati. Tangu Einstein, tunajua kwamba saa mbili nzima zinaweza kwenda mbalimbali bila yoyote kuharibika. Weka saa ya atomu pwani ya Kizimkazi na nyingine kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, kisha zikutanishe baada ya mwaka mmoja: kwa hesabu ya nadharia ya uhusianifu, ile ya mlimani itakuwa imetangulia kwa takriban mikrosekunde 20, yaani sehemu 20 za milioni moja za sekunde. Mwaka 2010 maabara moja ya Marekani iliinua saa yake kwa sentimita 33 tu na tofauti ikapimika. Na anayetumia GPS ya simu kutafuta njia Chake Chake au kurudi kwenye dema zake baharini anaitumia hesabu hiyo hiyo: saa za setilaiti hutangulia za ardhini kwa mikrosekunde 45 kwa siku kwa kuwa mvutano ni dhaifu huko juu, huchelewa 7 kwa sababu ya mwendo, na zinazobaki ni 38. Ni kidogo kwa masikio, lakini katika muda huo nuru hukata zaidi ya kilomita 11.

La pili ni neno "sasa". Watu wawili wanapishana ufukweni, usiku, wakati galaksi ya Andromeda inachomoza kaskazini-mashariki. Mmoja anaielekea, mwingine anaipa mgongo, kila mmoja kwa mwendo wa kawaida wa miguu. Andromeda iko mbali nasi miaka ya nuru milioni 2.5. Ukifanya hesabu ya uhusianifu wa mwaka 1905, kile ambacho wa kwanza anastahili kukiita "sasa hivi huko Andromeda" na kile cha mwenzake vimeachana kwa zaidi ya wiki nzima, na wote wawili wako sahihi. Hakuna "sasa" moja iliyotandazwa juu ya ulimwengu wote. Mwaka 1908 Hermann Minkowski alilikusanya hilo katika mchoro mmoja: nafasi na wakati ni kitu kimoja chenye pande nne, na matukio yote, yaliyopita na yajayo, yana mahali pake ndani yake.

Mtu wa baraza akisikia hivi atauliza mara moja kama sayansi imethibitisha kadari. Haijathibitisha. Mchoro wa Minkowski unaeleza matukio yanavyopangika, hausemi ni nani kayapanga wala kama binadamu alikuwa na hiari. Suala la kadari lina wanazuoni wake na hoja zake za karne nyingi, na sioni sababu ya kumbebesha Einstein jibu ambalo hakuulizwa.

Ninalotaka msomaji alione ni kwamba mambo yote mawili, kasi na "sasa", hayana mwelekeo ndani yake. Saa ya Kibo inatangulia, lakini mlinganyo unaoeleza hilo unageuzika kama mashine ya Kelvin. Saa yoyote, ya ukutani, ya atomu au ya mwezi, hupima umbali baina ya matukio mawili. Haisemi lipi lilitangulia.

Kinachosema ni udi.

Washa kaa, weka kipande cha udi kwenye chetezo, funga mlango. Mwanzo moshi umesimama kama uzi juu ya chetezo. Baada ya muda umejaa chumba kizima, na harufu imeingia kwenye mapazia na nguo. Hakuna aliyewahi kuona moshi uliotapakaa ukijikusanya pembeni, ukashuka na kuingia katika kaa. Ukionyeshwa video ya namna hiyo utajua papo hapo imegeuzwa, jambo ambalo kwa sayari usingeweza. Tena kila chembe ya moshi, ikichukuliwa peke yake, inagongana na molekuli za hewa kwa kanuni zilezile zisizojali mbele na nyuma.

Ludwig Boltzmann, wa Vienna, alitoa jibu mwaka 1877, na jibu lake ni la kuhesabu. Gawa chumba nusu mbili, kulia na kushoto. Ukiwa na chembe 10 tu zinazorandaranda, uwezekano wa kuzikuta zote nusu ya kushoto ni 1 kati ya 1,024. Ukingoja kidogo utaliona hilo. Zikiwa 100, uwezekano unashuka hadi 1 kati ya namba inayozidi 1 yenye sifuri 30. Umri wa ulimwengu ni miaka bilioni 13.8. Kama chembe hizo 100 zingechanganywa upya mara milioni moja kila sekunde tangu mwanzo wa ulimwengu, bado ungehitaji kuurudia umri huo wote karibu mara milioni 3 ili utarajie kuziona zimekaa upande mmoja mara moja. Na moshi wa kipande cha udi hauna chembe 100. Una mabilioni juu ya mabilioni.

Kwa hiyo moshi haukatazwi kurudi. Hakuna kanuni inayouzuia. Njia za kutapakaa ni nyingi mno na njia za kujikusanya ni chache mno, basi unapotangatanga bila nia yoyote unaangukia kwenye nyingi. Kipimo cha wingi huo wa njia ndicho kinachoitwa entropia, jina alilolitunga Rudolf Clausius mwaka 1865 akiwa anashughulika na mitambo ya mvuke. Mlinganyo wa Boltzmann, S = k log W, umechongwa juu ya kaburi lake Vienna: W ni hesabu ya njia, S ni entropia. Alikufa mwaka 1906, akiwa bado anabishana na wakubwa wa zama zake waliokataa hata kuwapo kwa atomu. Na jina la mwelekeo huu, "mshale wa wakati", lilikuja baadaye, mwaka 1927, kutoka kwa mwanafalaki Arthur Eddington.

Hata maji ya bahari, yaliyoonekana hayana mbele wala nyuma, yana udi wake ndani. Yanapojaa na kupwa husuguana na sakafu ya bahari, na msuguano hugeuka joto, na joto hutapakaa wala halirudi. Gharama hiyo inalipwa na mzunguko wa dunia. Siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne, na mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kwa mwaka, umbali unaopimwa kwa kurusha leza kwenye vioo ambavyo wanaanga walianza kuviacha huko mwaka 1969. Wababeli waliandika juu ya kupatwa kwa jua kulikowatia gizani tarehe 15 Aprili 136 KK. Ukizungusha hesabu kinyume ukidhani siku zote zilikuwa na urefu wa leo, kivuli kinaangukia mbali sana magharibi ya Babeli, kosa la zaidi ya saa tatu za mzunguko wa dunia. Palipo na joto linalopotea, mkono wa mashine hauzunguki nyuma kwa usalama.

Wasimulizi wengi wa habari hii huishia hapa: entropia huongezeka, ndiyo maana wakati una mwelekeo, kwaherini. Nadhani wanamkatisha msomaji kabla ya sehemu ngumu. Rafiki wa Boltzmann, Josef Loschmidt, aliiona mapema, mwaka 1876. Kama kanuni ni zilezile mbele na nyuma, alisema, utatoaje ndani yake tokeo lenye upande mmoja? Hebu fikiri umeingia chumbani ukakuta moshi umejaa nusu yake. Hesabu ya njia inakwambia kwamba baada ya dakika 10 utakuwa umetapakaa zaidi. Sawa. Lakini hesabu hiyohiyo, kwa kuwa haijali upande, inakwambia pia kwamba dakika 10 zilizopita moshi ulikuwa umetapakaa zaidi kuliko sasa, na ukajikusanya wenyewe kwa bahati hadi kufika ulipo. Takwimu peke yake inapendelea kutapakaa pande zote mbili za wakati. Hakuna mwenye akili atakayeamini hivyo. Wewe utatafuta chetezo. Swali ni kwa haki gani.

Chukua mfano mkubwa kidogo. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Tunayasoma na kusema: miaka zaidi ya 900 iliyopita palikuwa na mafundi, matumbawe, patasi na jumuiya ya Waislamu pwani hii. Mtu wa takwimu tupu atakupinga. Atasema: ili maandishi yale yawe ya kweli inahitajika historia nzima iliyopangika, dunia yenye watu, jua linalowalisha, na kadhalika nyuma, na mpangilio wote huo ni adimu kupita kiasi. Ni rahisi zaidi kihesabu kwamba jiwe lilijichubua lenyewe wiki iliyopita likatokea herufi. Na akikaza hoja atasema hivyohivyo juu ya kumbukumbu za kichwani mwako, hadi juu ya vitabu vya fizikia vilivyomfunza hoja yenyewe. Hapo anajikata mguu, kwa sababu hana tena msingi wa kuamini kanuni alizoanza nazo.

Njia ya kutoka ni kukubali jambo moja lisilotoka kwenye kanuni: kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya entropia ndogo mno. Wanafalsafa wa fizikia huliita dhana ya wakati uliopita. Ukishaiweka, kila kitu kinakaa sawa. Moshi ulitoka kwenye chetezo, herufi zilitoka kwa fundi, jana inaacha alama na kesho haiachi. Kumbukumbu, gofu, picha, kovu, vyote ni alama za upande ambao entropia ilikuwa ndogo zaidi. Hata kusahau kuna bei: mwaka 1961 Rolf Landauer alionyesha kwamba kufuta biti moja ya taarifa lazima kutoe joto, angalau kiasi fulani kidogo kinachojulikana, na mwaka 2012 majaribio yaliliona joto hilo. Mshale wa kumbukumbu na mshale wa joto ni mmoja.

Basi mwelekeo wa wakati haumo katika kanuni. Umo katika mwanzo. Hilo ndilo fizikia ya leo inalosema kwa uhakika zaidi juu ya jambo hili, na mimi naliona ni la ajabu kuliko saa za Einstein: huwezi kueleza kwa nini harufu ya udi hairudi chetezoni bila kutaja kilichotokea miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Na mwanzo ule tuna picha yake. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao huko New Jersey ilikuwa inapokea mnong'ono wa mionzi kutoka pande zote za anga. Ni nuru iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, sasa imepoa hadi nyuzi 2.7 juu ya sifuri kamili, baridi isiyo na chini yake. Ni sawasawa kote. Tofauti baina ya upande na upande ni kama sehemu 1 kati ya 100,000. Hapa msomaji makini atashtuka. Kutapakaa sawasawa si ndiyo entropia kubwa, kama moshi uliojaa chumba? Kwa moshi, ndiyo, kwa sababu mvutano baina ya chembe zake ni kitu cha kupuuza. Kwa gesi ya ulimwengu mzima mvutano ndio bwana, na mvutano hupenda kukusanya. Gesi iliyotanda sawasawa ni kama jiwe juu ya mlima: ina safari ndefu ya kushuka, kwenda kuwa mawingu, nyota, na mwisho mashimo meusi, yenye mvutano ambao hata nuru haiuponyoki, ambayo Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba yana entropia kubwa ajabu. Roger Penrose alikadiria uwezekano wa kuupata mwanzo kama wetu kwa bahati tupu, akapata 1 kati ya namba ambayo sifuri zake peke yake ni nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu tunaouona.

Safari hiyo ya kushuka ndiyo inayotulisha. Jua ni gesi iliyokusanyika ikawaka. Kwa kila fotoni moja, yaani chembe ya nuru, ya jua inayofika duniani, dunia hurudisha angani kama 20 zenye nguvu ndogo. Nishati inayoingia ni sawa na inayotoka, ila imetapakaa zaidi, na katika tofauti hiyo mwani unakua, karafuu zinakauka juu ya jamvi na ubongo unakumbuka.

Kwa nini basi mwanzo ulikuwa hivyo? Hapa ndipo makubaliano yanapokwisha. Wanaojaribu kuunganisha mvutano na fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo, wamekutana na balaa lao wenyewe: mlinganyo wa John Wheeler na Bryce DeWitt, uliochapishwa mwaka 1967, unaoeleza ulimwengu mzima kwa kwanta, hauna wakati kabisa. Alama ya t, inayosimama badala ya wakati, imetoweka. Don Page na William Wootters walipendekeza mwaka 1983 kwamba wakati unaweza kuzaliwa ndani ya mfumo usio na wakati, sehemu moja ikiwa saa ya sehemu nyingine. Carlo Rovelli na Alain Connes waliutafuta mwaka 1994 upande wa joto: mtiririko wa wakati, kwa maoni yao, unatoka kwenye hali ya joto ya mfumo. Penrose yeye anataka kanuni mpya itakayoubana mwanzo uwe umetanda sawasawa. Sean Carroll na Jennifer Chen walisema mwaka 2004 kwamba huenda entropia haina kilele, kwa hiyo hali yoyote utakayoanza nayo ina nafasi ya kuongeza entropia pande zote mbili za wakati.

Linalonivutia zaidi ni la Julian Barbour na wenzake, la mwaka 2014. Walichukua kundi la chembe zinazovutana kwa kanuni ya Newton na kuonyesha kwamba karibu kila historia inayowezekana ina mahali pamoja ambapo chembe zimebanana na kuchanganyika kuliko popote, na kutoka hapo mpangilio unakua pande mbili zinazopingana. Hawakuhitaji kuweka mwanzo maalumu kwa mkono. Viumbe wa upande huu wangeliita eneo lile mwanzo wao, na wa upande wa pili nao hivyohivyo, kila mmoja akiwa na mshale unaomkimbia mwenzake. Naipenda kwa sababu inaanza na kanuni isiyojali upande na bado inapata mshale, ambacho ndicho Loschmidt alichodai. Lakini ni chembe za Newton tu. Haina nuru, haina kwanta, wala haina ulimwengu unaopanuka kama anavyoueleza Einstein, na hadi sasa haijatoa ubashiri ambao darubini inaweza kuupima.